"Sana" ya Mtaliana

Bibi yangu Shariffa akiwasha televisheni yake hapa Azaiba, nchi ya Waarabu, ole wako upite mbele. Filamu za mwigizaji mmoja wa kike wa Kitaliana kaziona zote, na iliyo bora kwake ni ile ambayo yeye ni mama, anamgusa paji la uso bintiye aliyekuwa na homa, kisha ananong'ona: "Sana!"

"Nnakwambia kasema Kiswahili," bibi huapa tangu enzi za Unguja. "Anampenda sana."

Jana nikaweka maandishi ya Kiarabu chini ya picha. Kumbe kwa Kitaliana "sana" ni mzima, mtoto kapona. Nikacheka.

Bibi hakugeuka hata kunitazama. "Toa hayo maandishi. Yananizibia kidevu chake."

Nikayatoa. Kidevu cha yule mama kilikuwa kinatetemeka.

"Sana, bibi," nikasema.