Redio Haina Mzaha

Mimi shule sikuiona, lakini mtu akiongea mara moja tu namchukua sauti yake yote, na kikohozi chake. Mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, kule Handeni, nilikuwa namwigiza mpaka mkewe anaitika.

Mwaka mmoja mvua ikatukimbia. Akaja mtu wa redio na mashine yake begani, anaongea kwa sauti ya puani. Mwenyekiti akampeleka ghalani, kitambi mbele. Magunia ya mbele mahindi, ya nyuma pumba tupu. Nikamfuata yule mtu wa redio nikamwambia afungue la nyuma. Akazima mashine, akacheka.

"Mama, mimi nachukua ninachoelezwa."

Na uhuru ulipokuja tuliambiwa redio sasa ni yetu. Nikasema basi na mimi nieleze. Akapanda gari lake.

Nyumbani mama yangu alikuwa amelala, anashindia maji ya mizizi ya porini. Nikabeba kapu, nikaenda Mnyuzi kuhemea, yaani kutafuta chakula kwa walionacho. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na shamba la muhogo huko. Sasa kwetu anayehemea haombi kwa mdomo. Unaweka kapu tupu mlangoni, mwenyeji analiona, mnaongea mengine. Tukaongea mengine. Kulipokucha kapu bado tupu.

Ikabidi niseme: mama hana kitu tumboni. Mdogo wangu akageukia redio yake, ameifunika kitambaa kama bibi harusi. Ilishamwambia, kwa ile sauti ya puani ya yule mtu, "Handeni ghala zimejaa, wananchi wana furaha."

"Dada, wewe tangu utoto ni mzaha. Redio haina mzaha."

Akasema siku hizi watu wanahemea ili wakauze. Mkewe ndiye aliyenitilia makopa, ule muhogo mkavu, ya kuchemsha mara moja.

Nilirudi nikakuta mama keshafunikwa shuka.

Mdogo wangu alikuja msibani na gunia zima la makopa kichwani. Akalitua mlangoni, asiingie. Akaniuliza polepole, "Sasa mbona redio ilisema?"

Watu wakanitazama, wananijua. Ile sauti ya puani ninayo kooni, nzima. Sikuitoa. Nikamwonyesha walipo wapishi.

Gunia lile ndilo lililolisha waliokuja kumzika mama.