Mama Antena: Alibeba redio jeshini, sasa anapanga safari za oksijeni

Saa kumi na mbili asubuhi, mwanamke mrefu aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa anazunguka lori la kwanza kwenye foleni ya ghala. Anagonga mitungi ya oksijeni kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Madereva wanamtazama wakicheka chini chini.

Kugonga mitungi si kazi yake. Ofisi yake iko ghorofani, ina kiyoyozi, na mlangoni pameandikwa Mkuu wa Mkakati wa Teknolojia. Lakini leo huko juu hakukaliki.

“Tangu jana chakula hakipiti,” anasema, huku akicheka mwenyewe. “Mume wangu kaniambia niache kutembea chumbani, nitatoboa sakafu.”

Ana haki ya kutotulia. Kampuni hii hujaza oksijeni kwenye mitungi na kuipeleka hospitali na zahanati, zilizo karibu na zilizo mbali. Leo, kwa mara ya kwanza, malori yote yanatoka bila karatasi za safari. Yataongozwa na mfumo ambao yeye na mafundi wake wawili wameusuka kwa miezi. Mkurugenzi amemwambia bila kupindisha maneno kwamba ukikwama leo, unazimwa leo leo, watu wanarudi kwenye karatasi, na kitengo chake kinavunjwa.

Hii ni nafasi yake ya pili. Ya kwanza aliiharibu, na nusura watoto wa watu wakose pumzi.

Jina la Antena alilipata jeshini. Mama yake mzazi alitaka awe muuguzi, akawa ameshamtafutia hadi chuo. Binti akatoroka na kwenda kupanga foleni ya kuandikishwa askari. Mkufunzi alimtazama kutoka unyayo hadi utosi, akasema mtu mrefu namna ile haiwezekani kumficha, basi heri abebe redio. Akabebeshwa. Chuma kizito mgongoni, waya mrefu ukipepea juu ya kichwa, na wenzake wakapata la kumtania. Alipokuja kuzaa, watu waliongeza Mama mbele ya jina lilelile, mambo yakaisha.

Kitengo cha mawasiliano kilimfunza kusema maneno machache na kuyasema mara moja. Zaidi ya yote kilimfunza kupenda kimya.

“Redioni anayeropoka anawaponza wenzake,” anaeleza. “Kikosi kikikaa kimya, ujue kazi inaendelea. Mimi nilikuwa nikisikia kimya kile, roho yangu inatulia kabisa.”

Tuyaweke hayo maneno akilini, maana ndiyo yaliyokuja kumtokea puani.

Mkataba wa jeshi ulipokwisha, alirudi uraiani na buti zake pamoja na cheti ambacho hakuna mwajiri aliyejua akisome vipi. Akawa mlinzi kwenye mlango wa duka kubwa, kazi ya kupekua mikoba ya akina mama waliomnunia. Mshahara ulitosha kodi ya chumba, na mwisho wa mwezi ukawa unamcheka. Mjomba wake aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu alimhurumia, akampa kiti na kifaa cha kuchomelea nyaya. Hapo mikono ilikumbuka redio. Simu zilizokufa zikawa zinafufuka.

Siku moja fundi wa minara alileta simu yake iliyoanguka kutoka juu. Mama Antena alipoitengeneza, hakudai malipo, alidai apandishwe mnara. Fundi alidhani ni utani. Wiki iliyofuata akamkuta amesimama chini ya mnara, amevaa buti za jeshi, anasubiri mkanda wa usalama.

Alipanda minara kwa miaka, na anaikumbuka kwa furaha isiyofichika. “Kule juu unaona mji mzima unavyoongea,” anasema. “Nikawa najiuliza, nani kapanga mnara huu ukae hapa na si pale? Nikataka kuwa huyo mtu.”

Mimba ndiyo iliyomshusha. Mumewe, fundi cherehani, alilea mtoto kati ya vitambaa ili mkewe akasome kompyuta baada ya saa za kazi. Akaajiriwa na kampuni hii ya oksijeni kama mpokea simu. Hapo aliona kituko ambacho wengine walikuwa wameshakizoea. Hospitali moja ilikuwa imejaziwa mitungi mpaka inazuia mlango, na nyingine, mwendo wa dakika chache tu, ilikuwa inapiga simu ikibembeleza.

Alimfuata mkurugenzi, mwanamke mwenye haraka zake, akamweleza wakiwa wanashuka ngazi. Walipofika chini, mkurugenzi alikuwa amesahau haraka zake, akasimama kumsikiliza. Miezi michache baadaye Mama Antena akapewa cheo kipya. Mama yake alipouliza mkakati ndiyo kazi gani, alijieleza weee, mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akawatangazia majirani kwamba mwanawe amekuwa muuguzi wa kompyuta.

Sasa tuje kwenye kosa.

Mfumo wa kwanza ulikuwa kwenye simu za mkononi. Kila dereva alipewa simu ya kampuni, na kila alipofika hospitali alipaswa kujibu maswali kwenye kioo. Mama Antena aliwapanga madereva uwanjani, akawaeleza mara moja kwa sauti ya gwaride, akauliza kama kuna swali. Hakuna aliyefungua mdomo. Akafurahi.

Wiki zikapita, hakuna lalamiko. Kwenye kioo kikubwa kilichotundikwa ukutani mwa ofisi yake, majina ya hospitali yalikuwa ya kijani yote. Mtu mwingine angeingiwa na wasiwasi. Askari wa redio alilala usingizi mnono.

Kumbe simu hazikuwa zikitoka hata getini. Madereva walikuwa wakiziacha kwa karani wa lango, mtu mwema asiyejua kukataa. Naye aliketi na kikombe chake cha chai, akawajibia maswali wote, kila safari, mzigo umefika salama.

Siku moja hospitali iliyokuwa ya kijani ukutani ilikuwa haijafikiwa kabisa. Wodi ya watoto ikabaki na mtungi wa mwisho. Iliokolewa na dereva mmoja mzee aliyekuwa akipita zake, akaona muuguzi amesimama barabarani anapunga shuka. Alikuwa na mitungi ya akiba nyuma ya lori. Hakuna mtoto aliyepotea.

“Nilijifungia msalani nikalia,” anasema Mama Antena. Hapa sauti yake inashuka, na mwandishi hakumharakisha. “Nilikuwa naangalia rangi ya kijani, na watoto wanakaribia kukosa pumzi.”

Alikwenda kwa mkurugenzi akamwambia achukue ofisi yake. Mkurugenzi hakuinua hata uso kutoka kwenye makaratasi. Alimwambia kuondoka ni rahisi, kesho yake akapande lori.

Lori alilopangiwa lilikuwa la mzee yuleyule. Wenzake humwita Mzee Breki kwa sababu huanza kupunguza mwendo kona ikiwa bado haionekani. Ndiye pia aliyekuwa wa kwanza kumkabidhi karani simu yake. Walikwenda hospitali mbili bila kusemezana, mzee macho barabarani, Mama Antena macho dirishani. Wakiwa njiani kwenda ya tatu, Mama Antena akashindwa kuvumilia, akamuuliza kwa nini hakumwambia kwamba mfumo haufai.

Jibu la mzee analikumbuka neno kwa neno. “Ile simu yako ina maswali chungu nzima, mama. Mimi nina mitungi ya kushusha, nina muuguzi ananifokea, na nyuma kuna gari linanipigia honi. Nijaze saa ngapi? Halafu ulivyokuja na ile sauti yako ya uwanjani, nani angekujibu?”

Mzee aliongeza jingine kwa kunong’ona. Madereva waliamini simu ile imewekwa kuwachunguza wanaposimama kunywa chai. Mama Antena alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakiri kwamba kweli kulikuwa na swali linalouliza gari limesimama kwa muda gani.

Alishinda kwenye malori majuma mengi baada ya hapo. Mfumo aliorudi nao hauna maswali. Dereva ana kitufe kimoja tu kwenye simu iliyofungwa ndani ya lori, anabonyeza na kusema lolote, sauti yake inafika chumba cha mawasiliano. Mtunza stoo wa kila hospitali naye anabonyeza idadi ya mitungi iliyobaki. Kisha kuna kanuni moja ambayo Mama Antena aliiandika mwenyewe, akipingana na mafunzo yake yote: dereva akikaa kimya nusu saa, jina lake linawaka jekundu kwenye kioo cha ukutani.

“Jeshini kimya kilikuwa usalama,” anasema. “Hapa kimya ni hatari mpaka ithibitike vinginevyo. Dereva akipiga soga, mimi nafurahi.”

Na leo wanapiga soga kwelikweli. Kufika saa tatu, chumba cha mawasiliano kimechangamka kama harusi. Mmoja amefika na anashusha mzigo. Mwingine anaripoti kwamba barabara imezibwa na ng’ombe. Wa tatu anasema hana la kuripoti ila ana njaa, na anaruhusiwa. Mkurugenzi amesimama nyuma, mikono kifuani. Pembeni yake yuko mhasibu mkuu, ambaye tangu mwanzo aliona heri karatasi.

Ghafla jina la Mzee Breki linakuwa jekundu.

Mama Antena anamwita. Hakuna jibu. Anamwita tena. Kila mtu amegeukia ukutani. Mzee amebeba mzigo wa hospitali iliyo mbali kuliko zote, na asubuhi hii mtunza stoo wa huko amebonyeza mbili. Mitungi miwili, basi.

“Si nilisema?” anasema mhasibu. “Huyo mzee kaitupa tena simu yenu.”

Wazo hilohilo limempitia Mama Antena, na usoni linaonekana. Mzee aliyemgomea mara ya kwanza kwa nini asimgomee mara ya pili, tena leo, mbele ya mkurugenzi? Anakishika kipaza sauti. Aliyezoea ile sauti ya gwaride angejua kinachofuata.

Anapumua kwanza.

“Hapana,” anasema. “Kanuni ni yangu mwenyewe. Kimya ni hatari. Nani yuko karibu naye?”

Aliye karibu ni dereva anayeitwa Kipara. Anaambiwa ageuze na kuifuata barabara ya bondeni. Kipara anauliza kwa haki kabisa, zahanati zake mbili atamwachia nani? Fundi mmoja anatupa jicho ukutani na kusema zahanati zote mbili zina akiba ya kuzifikisha jioni. Jana hakuna mtu katika jengo hili ambaye angeweza kulijua hilo.

“Geuza, mwanangu,” anasema Mama Antena. “Na uwe unaongea njia nzima.”

Kipara anaongea njia nzima. Anataja kila daraja na kila kona, mpaka mkurugenzi naye anajikuta amesogea hadi mbele ya ukuta. Halafu Kipara anakatika katikati ya sentensi. Kisha kwenye simu yake inasikika sauti nyingine, nzito, yenye hasira.

“Mama Antena, mimi hapa. Ekseli imekatika, gari limelala mtaroni, simu yako imepasuka vipande. Mimi mzima. Mitungi mizima. Tunaihamisha, na huyu kijana hajui hata kushika mtungi.”

Mama Antena anaushika ukuta kwa mikono miwili. Analia waziwazi na kucheka papo hapo, wala hajali nani anamwona. Mhasibu anapiga makofi kuliko wote, watu wanamtazama, anaendelea kupiga.

Muda si mrefu, sauti ya mtunza stoo inaingia kutoka kule mbali. Mzigo umefika, anasema, ila waliouleta wamemchafulia varanda yake kwa tope. Hana habari kama kuna lililotokea. Muuguzi wake hakulazimika kwenda kupunga shuka barabarani.

Mkurugenzi anavaa miwani yake na kutoka. Akiwa mlangoni anageuka na kusema mfumo unabaki, na kitengo kitafutiwe chumba kikubwa zaidi.

Alasiri, Mama Antena anaeleza mipango yake kwa kasi mpaka mwandishi anamwomba arudie. Anataka kuzifikia zahanati za milimani ambazo hazijawahi kuona mtungi hata mmoja. Anataka siku moja kila juma ashinde ndani ya lori. Na anataka mama yake mzazi aje hapa asikie malori yanavyoongea, labda atamtafutia cheo kingine.

Mlango unafunguliwa bila hodi. Ni Mzee Breki, tope hadi magotini. Hajawahi kupanda ngazi hizi tangu aajiriwe. Anasalimia mara moja na kuanza bila kungoja kuulizwa hali.

“Kile kitufe chako mmekiweka pabaya, mama. Mkono uko kwenye gia, nitakibonyeza na nini, na pua?”

Mama Antena anaitikia kwa kichwa. Uso wake umejaa furaha ya mtu aliyeletewa zawadi mpaka nyumbani.

“Sawa, mzee wangu,” anasema. “Hilo ni la kwanza. La pili?”