Tulikwenda Bunia Kumtoa Mtoto Kwenye Mpira wa Hewa

Baba mkubwa Manase ndiye aliyetutuma. Habari ilikuwa imefika Tchomia kwamba dada yangu Anjela amejifungua Bunia kabla ya miezi kutimia, na mtoto amewekewa mipira puani. Kwetu kando ya ziwa neno oksijeni linatisha: kila tuliyemwona akiwekewa alitoka amefunikwa shuka.

"Muende mumutoshe mu ile mipira," akatuambia mimi na Mama. "Kama ni kufa, afie mu mikono ya mama yake."

Asubuhi tukapanda gari la wachuuzi wa samaki. Mama, ambaye amekausha samaki kwa moshi tangu ujana wake, alikumbatia kapu lake la samaki mlima mzima. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini dereva hakusimama popote penye nyasi ndefu. Bogoro, kwenye kizuizi, askari akafunua kapu.

"Mama, hii samaki iko naenda kwa nani?"

"Kwa mutu mwenye kuzaa. Weye umezaa?"

Askari akacheka, akashusha kamba.

Bunia tulifika jua likiwa kali, tukaenda moja kwa moja hospitalini. Mtoto alikuwa amevaa kofia ya sufu, na puani mwake mlikuwa na mipira miwili myembamba. Mpira mwingine ulishuka hadi ndani ya chupa ya maji iliyotoa mapovu bila kukoma.

"Maji iko nachemka," Mama akasema. "Moto iko wapi?"

Muuguzi Furaha, mwanamke mcheshi ambaye kwao ni Butembo, alisikia tulichofuata. Hakubishana. Alileta chupa nyingine na mpira safi, akampa Mama, akimwita Koko kama bibi yake.

"Koko, puliza humu."

Mama amepuliza moto maisha yake yote. Maji yaliruka yakamlowesha Furaha kifua kizima. Anjela, aliyekuwa hajatabasamu tangu tuingie, alicheka hadi akashika tumbo.

"Hiyo mapafu ingetosha hospitali nzima," Furaha akasema akijifuta. "Sasa polepole. Unasikia maji inakatala kidogo?"

"Nasikia."

"Ile kukatala njo inaachaka mapafu ya mutoto wazi. Bila ile, inajifunga kama mufuko ya plastiki yenye imelowana. Upepo yenye inazidi inatokea mu maji, haimuumize. Kupumua, anapumua mwenyewe."

Mama akapuliza tena, polepole.

Kesho yake daktari aliamua kumjaribu mtoto bila mpira. Mwanzoni alitulia. Kisha kifua kikaanza kubonyea chini ya mbavu kila alipovuta pumzi, naye akawa anaguna. Anjela akanitazama, maana alijua nimetumwa kusema nini. Kabla sijafungua kinywa, Mama alikuwa ameshika mkono wa Furaha.

"Murudishie maji yake. Mbio."

Mapovu yakaanza tena, mbavu zikatulia. Toka hapo Mama alihamishia kiti chake mbele ya chupa. Ikinyamaza tu, aliita, "Furaha, imelala hii," na kweli mpira ulikuwa umeteleza puani.

Wiki iliyofuata walimjaribu tena. Tulisubiri mpaka chai ikapoa mikononi. Kifua hakikubonyea. Mtoto alipiga chafya, akalia kwa sauti nyembamba kama ya kifaranga.

"Anatukana siye wote," Mama akasema, ameridhika kabisa.

Nilirudi Tchomia peke yangu. Mama alibaki kupokezana na Anjela kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Baba mkubwa alikuwa ananisubiri nyumbani.

"Hamukumutosha?"

"Tulishindwa, Baba mukubwa. Mama alikatala."

Nikamsimulia yote, pamoja na nililojifunza: wagonjwa wetu tuliwafikisha kwenye oksijeni wakiwa wamekwisha, kisha tukaulaumu mpira. Akataja kwa sauti ya chini jina la mdogo wake, aliyefia kwenye oksijeni.

"Na huyu mutoto wanamuita nani?"

"Manase. Mama njo alimupatia."

Alijifanya anakagua nyavu zake kwa muda mrefu.

"Basi mumuache kule mpaka anenepe," akasema. "Jina yangu haivaliwake na mutu mwembamba."