Pipa la Mrututu

Wenzake katika kiwanda cha kutia nguo rangi walimwita Kijani, kwa kuwa mrututu ulikuwa umemtia kucha na hata mvi za kidevu rangi hiyo. Mrututu ni chumvi ya shaba, buluu ya kupendeza macho, ingawa ukigandia mwilini huacha ukijani: mkulima huunyunyizia majani yasioze, mtia rangi huuyeyusha majini ili rangi ishike uzi isichuje. Mafundi wa pale hawakuwa na kipimo. Walichovya kidole katika pipa la maji hayo, wakakigusisha ulimini, wakatema. Uonjaji huo ulikuwa umemwachia Kijani tumbo bovu, na kila chakula kwake kilikuwa na ladha ya msumari.

Asubuhi hiyo alionja, akatema, akatema tena. Pipa lilikuwa kali mno. Hapo dada yake akaingia, mdomo umepasuka.

"Nimeanguka, kaka."

"Umeangukia ngumi."

Mume wa dada, aliyekamua nguo kiwandani humo humo, akacheka. "Shemeji, wewe ramba maji yako. Ya nyumbani kwangu niachie mwenyewe."

Ghadhabu haina macho. Kijani akamrukia. Shemeji akamng'oa meno mawili kwa mti wa kukorogea; Kijani, damu ikimchuruzika, akamkamata kisogo na kumzamisha uso pipani. Mapovu yakapanda. Akazidi kukandamiza. Alitaka afe, wala tusimpambe.

"Kaka, mwache! Utaniua na mimi!"

Ule ukali aliouonja ukamrudia Kijani ulimini, akajua mwenzake anameza nini. Akamvuta. Shemeji alitapika matapishi ya kijani, akijipapura macho na kupiga mayowe. Kijani akamburura hadi bombani, akamfumbua kope kwa vidole, maji yakatiririka.

"Usifumbe, mshenzi wewe! Fumbua!" alimlilia.

Mola alimnusuru shemeji roho, lakini macho hayakurudi. Kijani akakiri mbele ya hakimu, akafungwa.

Alipotoka, alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Mdomo wake ulikuwa umepona. Hakuna aliyempiga tena. Shemeji alikuwa kitini karibu na dirisha.

"Nani huyo?"

"Mimi, shemeji."

Kipofu akainua mkono upesi kuukinga uso, kama dada alivyokuwa akiukinga wake zamani. Kijani akamgeukia dada yake kutafuta neno la shukrani. Akamkuta amerudi nyuma hadi ukutani, naye ameinua mkono.