Kichwa cha Samaki kwa Bwana Venter

Enzi zetu samaki akishatoka majini alikuwa kitoweo, hata kama bado anapumua. Hakupigwa picha, hakubembelezwa, hakuulizwa hali. Siku hizi nawaona wajukuu zangu hapa Durban wakienda bwawani na miwani ya jua, na kofia zenye nembo, na kimashine cha kuwaonyesha samaki amejificha wapi chini ya maji, halafu jioni wanarudi mikono mitupu, wanacheka. Ukiuliza kitoweo, wanakuonyesha simu. Mama yangu kule Kigoma, Mungu amrehemu, alikuwa akisema samaki anayetazamwa sana huoza. Hawa wangu wanamtazama mpaka betri inakwisha.

Ila nisiwasingizie kwamba wao ndio walioanza. Wenzangu mliofika mji huu miaka ile ya tisini mwishoni, mtoto mgongoni na Kiingereza cha "yes" na "no" tu, mnakumbuka kwamba ujinga huu tuliukuta, umekaa kitini, umevaa kaptula.

Watoto wetu walipokuwa wadogo tulikaa Umbilo, ghorofa lenye ngazi za kunuka mafuta ya vitunguu. Mimi shule niliiacha darasa la nne, lakini majina hayanitoki. Mpaka leo naweza kuwataja watoto wa ngazi ile mlango kwa mlango: Zawadi na Amani wangu, Sifa wa wifi yangu, Merveille na Dieudonné wa Kabongo jirani yetu, na yule Happiness wa Mbeya aliyekuwa analia akiitwa kuoga. Hawakuwa na simu wala nini. Walikuwa na boksi la friji. Wanalipeleka kwenye kilima cha majani, wanapanda wanne wanne, wanateleza mpaka chini, wanarudi magoti yametoka damu na suruali hazina makalio. Leo mjukuu akikwaruzwa kidole lazima kwanza aambiwe ulimwengu mzima, ndipo aambiwe mama yake.

Desemba ikifika, joto la Durban linakubandika nguo mwilini kama stempu, viwanda vya Mobeni vinafunga, na wanaume wetu wanaanza kuzungumza habari za samaki anayeitwa bass. Sisi watu wa ziwa Tanganyika tulikuwa tunamjua kuhe, tunamjua sangala, tunamjua mgebuka. Bass tulimkuta huku. Ni samaki mwenye mdomo mpana kuliko akili zake, kwa maana anadanganywa na mnyoo wa plastiki wenye rangi ya zambarau na harufu ya pipi. Mwanzoni nilimdharau sana kwa hilo. Halafu nikakumbuka sisi wenyewe tuliyoambiwa mpaka tukapanda basi la kuja huku, nikanyamaza.

Mume wangu Ramazani, mtu wa Uvira, alikuwa kibarua kwenye stoo moja pale Mobeni. Kibarua maana yake leo upo, kesho geti linakuuliza wewe nani. Msimamizi wao alikuwa Bwana Venter, mzungu wa mtaa wa Bluff, shingo nyekundu, miguu kama nguzo za umeme, na maisha yake yote yalikuwa bass. Kila mtu Mobeni alijua kwamba Januari stoo ikifunguliwa Venter anachagua mtu mmoja wa kumfanya wa kudumu, na kwamba hamchagui stoo. Anamchagua bwawani, Desemba, siku ya mashindano yake. Ndiyo maana wanaume waliokuwa hawajui kuvua hata viatu wakanunua fimbo za kuvulia.

Jambo moja la huyu Venter mlishike. Vibarua wote alikuwa anawaita John. Alisema majina yetu yanamchosha ulimi. Ramazani alikuwa John, Kabongo alikuwa John, na Mzulu mmoja aliyeitwa Sipho, jina ambalo hata mtoto wa kunyonya angelitamka, naye alikuwa John.

Basi mwaka mmoja Ramazani akaitwa bwawani, na Kabongo akaitwa. Mume wangu hakulala vizuri wiki nzima. Akipata kazi ya kudumu Zawadi angerudi shule, maana alikuwa amekaa nyumbani tangu Juni kwa kukosa ada. Hilo ndilo tulilobeba siku ile kwenye bakki, ndiyo pikapu ya huku, ya kuazima, iliyoendeshwa na Kabongo. Mengine yalikuwa masufuria.

Nyuma ya bakki tulikuwa mimi, watoto wote niliowataja, na wifi yangu Mama Sifa, dada mkubwa wa Ramazani, aliyekuwa amefika mwaka huohuo akikimbia vita vya kwao. Mama Sifa alikuwa mfupi, mzito, na hakuna mtu kutoka Uvira mpaka Fizi aliyemshinda kupika samaki. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na sikupata kumsikia wa kumbishia. Njiani Ramazani akapaza sauti kutoka mbele, akamwita yaya, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa.

"Yaya, huko samaki hatuli. Tunapima, tunarudisha kwenye maji."

"Ndiyo, wadogo," akasema Mama Sifa. "Hata kwetu wadogo tunarudisha."

"Wote, yaya."

"Wote?" Akanigeukia. "Wifi, bwana yako iko na homa?"

Watoto wakacheka, gari likaingia kwenye mashimo, na Ramazani hakurudia tena. Ndiyo tabia ya wanaume. Jambo kubwa watalisema mara moja tu, gari likiwa linanguruma.

Bwawa lilikuwa zuri, siwezi kulisema vibaya. Vilima vya kijani pande zote, maji yametulia kama mchuzi uliopoa, matete ukingoni, na wazungu wametandika viti vya kukunja na kujipaka mafuta meupe puani. Watoto wetu wakaingia majini na nguo zao. Hata binti wa Venter, Annelie, mtoto wa meno mapengo, akavua viatu akawafuata, mama yake akiita na yeye akijifanya hasikii. Watoto wa siku zile walijua kutosikia kwa adabu.

Asubuhi hiyohiyo Ramazani akatupa ndoano pembeni ya matete na kitu kikamvuta nusura kimwangushe. Walipambana mpaka shati likamlowa. Alipomtoa, sote tulisimama. Bass mkubwa, tumbo kama mama mjamzito, mdomo ungemeza kikombe. Wanaume wengine walikuwa na visamaki vya ukubwa wa chanuo. Ramazani akamtia kwenye mfuko wa wavu, akauzamisha kwenye maji ya kina kifupi ukingoni, akaufunga kwenye jiwe, akanitazama mimi tu. Nikaiona shule ya Zawadi imefunguliwa mlango. Kisha Venter akamwita kwenye boti, wakaondoka.

Mimi niliwapeleka watoto chooni, na choo kilikuwa mbali, na foleni ya wanawake mnaijua. Tulikuwa njiani kurudi Happiness aliponusa hewa akasema, "Mama Zawadi, kunanukia nyumbani."

Kulikuwa kunanukia kweli. Nyanya, kitunguu, pilipili, na ile harufu ya samaki anapokutana na mafuta yaliyochemka sawasawa. Nikaanza kukimbia, na mimi si mtu wa kukimbia.

Mama Sifa alikuwa ameinama kwenye sufuria, kitenge kimefungwa juu, uso unang'aa. "Wifi," akaniambia, "mulinificha kama Ramazani anatafuta kazi kwa huyu mzungu. Sifa ndiye ameniambia. Sasa, kazi inaombwa na mikono mitupu? Kazi inaombwa na sinia." Na kwa kweli, kwa desturi ya kwetu, alikuwa sahihi kila hatua. Ukimtaka mkubwa akusaidie, unampikia. Na samaki mkubwa akipatikana, kichwa ni cha mgeni wa heshima. Watu wetu wameombana mabinti kwa kichwa cha samaki na wakapewa.

Kabla sijatoa sauti, honi ya boti ikalia. Wakati wa kupima ulikuwa umefika.

Mizani ilitundikwa kwenye mti. Kila mvuvi analeta samaki wake kwenye ndoo ya maji, anapimwa, anapigwa picha, kisha anarudishwa bwawani polepole, mkono chini ya tumbo, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Venter alikuwa na mtindo wake: kabla ya kumwachia, anambusu mdomoni. Zamu ya Kabongo ikafika. Chanuo lake likapimwa. Kabongo akatutazama sisi, akamtazama Venter, akafumba macho, akambusu samaki. Venter akapiga makofi mpaka kofia ikamwendea kisogoni.

"Na wewe, John? Yuko wapi yule mkubwa wako?"

Ramazani akaenda ukingoni. Akavuta wavu. Wavu wa samaki mkubwa hauji mwepesi namna ile. Akabaki amechuchumaa pale, maji yanachuruzika, halafu nikaiona pua yake ikinusa.

Wakati huohuo Mama Sifa akapita katikati ya wazungu, sinia kichwani, kitambaa kipya. Akafika mbele ya Venter, akapiga magoti kwenye majani, akalishusha. Ugali mweupe umefinyangwa duara, na juu yake kichwa cha bass kwenye mchuzi mwekundu, mdomo wazi, kimeelekezwa kwa mgeni.

"Bwana mukubwa," akasema, "karibu. Kichwa ni yako."

"Anasema nini?" Venter akamuuliza Ramazani.

"Anasema karibu chakula, bosi."

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, bosi."

"Wote?"

"Mkia umebaki kwenye sufuria, bosi."

Venter akainama. Akaangalia ule mdomo kwa karibu, akagusa kovu dogo lililokuwa pembeni ya mdomo. Akavua kofia. Mimi nikadhani anataka kuombea chakula.

"Elsie," akasema.

Yaani yule samaki alikuwa na jina. Walikuwa wamemvua na kumwachia, miaka nenda miaka rudi, walimtambua kwa lile kovu, wakampa jina la Elsie na wakawa wanamkumbuka Krismasi. Mzungu mmoja mnene akageuka akatazama vilima. Mwingine akajifuta macho. Na mume wangu amesimama pale, amebeba boksi zake kwa miaka mitatu, anaitwa John.

Nikasubiri Venter afoke. Hakufoka. Akavaa kofia, akaenda kwenye bakki yake, akafunga mlango taratibu. Huo utaratibu ndio uliotumaliza. Mama Sifa alikuwa bado kwenye magoti. Akauliza, "Hapendi pilipili?"

Aliyekula ni Annelie. Wakubwa wanaomboleza, yeye akakaa chini na Zawadi na Amani na wengine wote, akakunja mikono ya blauzi, akamega ugali. Zawadi akampa jicho, maana jicho ni la rafiki. Akalimeza bila hata kukunja uso, akaomba la pili. La pili Merveille alikuwa ameshalichukua. Nimeshawatazama wajukuu zangu wakikimbia meza kwa sababu samaki "anawaangalia". Wanamtaka wa kwenye boksi, wa mstatili, asiye na ndugu wala jamaa.

Tukapakia masufuria, tukarudi. Kabongo anaendesha, macho barabarani. Tulipofika robot ya kwanza ya mjini, zile taa za barabarani, ikawa nyekundu, na ndipo Ramazani akafungua kinywa.

"Yaya."

"Mm."

"Ule mkia bado uko?"

Akaula palepale, kwa vidole, dirisha wazi. Alipomaliza alilamba mfupa, akasema, "Chumvi iko sawa," na Mama Sifa akaanza kulia, na ile ndiyo mara moja tu niliyopata kumwona analia, pamoja na yote aliyokuwa ameyapita kuja huku.

Januari Kabongo akawa wa kudumu. Watu wamepata kazi kwa kubusu vitu vibaya zaidi ya samaki, sikumwonea kijicho. Yeye mwenyewe alituambia, "Mama Zawadi, kubusu nilibusu, lakini utamu mlipata nyinyi." Ramazani akabaki kibarua. Zawadi alikaa nyumbani mwaka mwingine mzima, na mwaka huo wa mtoto mpaka leo bado nauhesabu. Baadaye ile stoo ikafungwa yote, na wa kudumu na vibarua wakatoka kwa geti lilelile, kila mtu na kibakuli chake cha chakula. Zawadi alisoma, alichelewa, lakini alisoma. Ramazani tumemzika hapa hapa Durban, na juu ya kaburi nilihakikisha jina limeandikwa lote, kwa herufi kubwa.

Juzi Baraka, mtoto wa Zawadi, kaja na simu yake. Alikuwa bwawa lilelile. Picha: yeye, miwani, kofia, na bass mnene amemshika kama bibi harusi.

"Umemleta?"

"Bibi, hatuli hawa. Tunawaachia." Akacheka. "Huyu hata tumempa jina. Anaitwa Beyonsii."

Nikaitazama ile picha vizuri. Nyuma yake, majini mpaka kiunoni, kulikuwa na mzee mmoja mweusi ameishika boti isisogee, jua lote usoni.

"Na huyu anaitwa nani?"

Baraka akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama, akakuna kichwa. "Eish, Bibi. Yule wa boti tu."

Enzi zetu tulikula samaki tukajuana majina. Nikamwambia Baraka hakuna chakula kwangu leo mpaka arudi akamuulize. Alidhani natania. Sufuria niliifunika, nikaikalia.