Nilivyokwenda Tanga Kuomba Uraia, Shahidi Wangu Akiwa Mtani

Niliondoka Mwera kwenda Tanga kwa sababu ya kiburi. Wengine husafiri kwa maradhi, wengine kwa biashara. Mimi watu wa kitongoji chetu walitaja jina langu mkutanoni niwe mwenyekiti wao, nami nikasimama kushukuru kabla hata sijachaguliwa. Nilikuwa nimefika pale pa kuahidi kisima, Mwalimu Rehema akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee Anjelo. Tunakuheshimu sana, lakini wewe si raia."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Mkutano mzima ulikuwa unaangalia chini.

Mwalimu alisema kweli. Baba yangu, Mmakonde, alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge, nami nikaja nimefungwa mgongoni kwa mama. Nimekulia kambini, nimekata mkonge mwenyewe, nikatoka nikasokota kamba za usumba wa makumbi ya nazi, na leo nina minazi na lori la kubebea nazi. Shule niliishia darasa la pili. Kila nilicho nacho nimekitengeneza kwa mikono hii, isipokuwa uraia. Huo nilidhani umeota wenyewe. Miaka yote nimeishi kwa kibali cha ukaazi. Kikikaribia kwisha nakihuisha, nakirudisha sandukuni chini ya khanga za mke wangu, na nikishafunga sanduku nasahau kuwa kipo.

Basi nikaomba tajnisi, ndio uraia wa mtu aliyezaliwa kwingine. Katika hatua zake kuna ya kutangazwa gazetini. Jina langu lilipotoka nilinunua magazeti yote niliyoyakuta Pangani, nikayagawa nyumba kwa nyumba kama sinia za pilau. Mimi nasoma polepole. Niliona jina langu, nikaridhika, sikuendelea. Siku ya pili mke wangu, Mama Teresia, akanisomea mpaka chini: mwenye sababu ya kupinga mtu huyu kupewa uraia, aipeleke.

"Umewapelekea watu hadi mlangoni," akaniambia. "Umebakiza kuwagawia na kalamu."

Kwa bahati hakuna aliyepinga. Nikaitwa Tanga kuhojiwa, niende na raia mmoja anayenijua kwa miaka mingi, aeleze tabia zangu.

"Mchukue Mwalimu Rehema," akasema Mama Teresia. "Anajua kuzungumza na maofisa."

"Yule aliyenikalisha chini mbele ya watu?"

"Huyohuyo."

"Namchukua Bakari."

Mama Teresia akaacha kukuna nazi. Bakari ni Mzigua. Tulikata mkonge mstari mmoja, na tangu ujana tuna utani: yeye ananitukana, mimi namtukana, hakuna wa kukasirika. Mmoja wetu akifiwa, mwenzake ndiye anayekwenda kuvuruga msiba hadi wafiwa wacheke.

"Baba Teresia, yule mzee hajapata kukutaja kwa jina lako. Unadhani atalitaja leo?"

"Serikalini hakuna utani," nikamjibu. Na nikasema kwa sauti kubwa, ili na majirani wasikie nilivyo na akili.

Asubuhi ya safari nilivaa suti ya kahawia niliyoshonewa harusi ya binti yangu. Tangu harusi ile nimekula vizuri, kwa hiyo kifungo cha tumboni kilikuwa kinafanya kazi ya vifungo viwili. Tukapanda lori langu, dereva, mimi katikati, Bakari dirishani na kanzu yake safi.

Bweni tulikuta pantoni iko ng'ambo. Bakari akashuka, akasimama kama mnadi mbele ya watu waliokuwa wakiingoja.

"Jamani, mnaniona? Nimemkamata. Nampeleka Tanga arudishwe kwao."

Mama mmoja muuza samaki akaweka beseni chini. "Ee mzee Anjelo, umefanya nini tena?"

"Anakula sana," Bakari akamjibu. "Serikali imechoka."

Watu walicheka mpaka tukapanda, wakaendelea kucheka tukivuka. Na mimi nilicheka. Mtoni pale hapakuwa na ofisa.

Pangani mjini tulikunywa chai na maandazi. Hapo nikamwambia taratibu, "Bakari, leo nisikilize. Hili si la mchezo. Wakinikataa, mimi nitakufa mgeni."

Akaacha kutafuna. "Nitasema kweli tupu, wallahi."

Nikatulia kabisa. Nilikimeza kiapo cha Mzigua nikakishushia na chai.

Njiani kwenda Tanga barabara inajengwa, kwa hiyo tulikwenda pengine kwenye lami, pengine kwenye vumbi. Nikamwomba Bakari anihoji, nijizoeze. Akaniuliza mikoa. Nikaanza na Tanga, nikashuka pwani, nikapanda Kilimanjaro, nikaenda vizuri sana. Nilipoishiwa mikoa nikaanza kutaja mashamba ya mkonge. Dereva alikuwa anang'ata mdomo. Bakari akasema majibu ni sahihi yote, na ndiyo maana niliingia Tanga kifua mbele.

Tanga, kwenye ofisi ya Uhamiaji, tuliingizwa chumba kimoja chenye feni inayopiga kelele. Ofisa alikuwa binti wa rika la wajukuu zangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

Aliniuliza nilivyoingia nchini, ninafanya kazi gani, nimewahi kufungwa. Nikajibu kila swali kwa urefu, na biashara ya nazi nikamweleza mpaka akanishukuru. Kisha akaniuliza, "Kwa nini unataka uraia, babu?"

Kwa swali hili nilikuwa nimeandaa hotuba, imejaa maendeleo. Ikanikimbia yote. Nikasema, "Baba na mama wamezikwa Mwera. Wanangu wako hapa. Sina pengine." Sikupenda sauti yangu ilivyotoka. Ilitoka ya mtu anayeomba, na mimi sijazoea kuomba.

Akaandika. Kisha akamgeukia Bakari. "Mzee, wewe ndiye shahidi. Mwenzako ana tabia gani?"

"Mbaya," akasema Bakari.

Kalamu ikasimama. "Mbaya namna gani?"

"Mlafi. Mchoyo. Baba yangu alipofariki, huyu Mmakonde alivaa koti la marehemu, akaenda akakalia jeneza. Akasema hatuziki mtu mpaka apewe jogoo."

Binti akanitazama. "Babu, ni kweli?"

"Ni kweli, lakini..."

"Na jogoo akamla," Bakari akaendelea. "Mke wangu naye alipofariki, huyu aliingia kaburini kabla ya watu wote. Akalala humo. Akasema marehemu hatatosha, alikuwa na maneno mengi."

Jasho lilikuwa linashuka mpaka kwenye soksi. Nikasema, "Bakari, wewe Mzigua, nyamaza!" na nilipopandisha pumzi kile kifungo kikachomoka, kikapiga meza ya ofisa, kikaanguka chini. Hakuna aliyekiokota.

Binti alifunga kalamu yake. Alikuwa hacheki. "Wazee wangu, utani naujua. Hata kwetu upo. Lakini faili haliujui. Nikiandika haya yalivyo, maombi ya babu yameishia hapa. Mzee Bakari, nakuomba unijibu bila utani. Huyu mtu unamwonaje?"

Bakari akafungua mdomo, akaufunga. Akanitazama, akaitazama feni, akapangusa magoti ya kanzu yake ingawa hayakuwa na kitu. Nimemjua mtu huyu tangu hatujaota ndevu, na sijapata kumwona amekosa la kusema. Ndipo nikaelewa kuwa hakuwa ananikomoa. Alikuwa hawezi. Kunisifu mbele yangu, kwa mtani, ni kama kuvua nguo sokoni.

Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mtoe nje kwanza."

Nikatolewa nje ya maombi yangu mwenyewe. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini, nimeshika suti kwa mkono isifunguke. Nikangoja kidogo, nikasimama, nikabandika sikio mlangoni, mzee mzima mwenye lori. Nikasikia feni. Kijana mmoja mwenye faili akapita akasema shikamoo, nikaitikia marahaba sikio likiwa palepale.

Nilipoitwa ndani, yule binti alikuwa ameandika ukurasa mzima, na alinipa mkono kwa mikono miwili. Bakari alikuwa anapangusa macho kwa kofia.

"Vumbi la njiani," akasema.

Tulikuwa tumefika zamani, na chumba kilikuwa kimedekiwa asubuhi hiyo.

Jioni tulirudi. Hadi Pangani nilimwuliza Bakari amesema nini, naye hadi Pangani akanijibu amewaambia wanifukuze. Kwenye pantoni nikambembeleza. Akasema nikiuliza tena ataruka majini, na hajui kuogelea, na msiba wake itabidi niusimamie mimi. Nikaacha.

Majibu yalichukua muda, na humo katikati kitongoji kilimchagua Mwalimu Rehema, na kisima anakichimba yeye. Nilipoitwa tena Tanga niliapa, nikaukana uraia wa Msumbiji, uraia ambao sijapata kuuona hata kwenye picha. Nikamwuliza yule binti kwa ujanja maneno ya shahidi wangu. Akatabasamu tu, akasema ya faili hubaki kwenye faili.

Wenzangu mnaosoma, nilichojifunza ni hiki. Maisha yangu yote nimejisifu mwenyewe, tena kwa bidii, nikidhani nisipojisifu mimi hakuna atakayenisifu. Siku ambayo sifa zangu hazikufaa kitu, mtu alizitoa za kwake alizokuwa ameziweka siku zote, akahakikisha sizisikii. Mwenye kibali kama changu asingoje kuaibishwa mkutanoni ndipo aombe uraia. Na akienda, achukue shahidi asiyekuwa mtani, kama moyo wake hauna nguvu.

Cheti nilimpelekea Bakari nyumbani kwake kabla sijamwonyesha mtu mwingine isipokuwa Mama Teresia. Akakishika mbali na macho, akakigeuza, akakigeuza tena, akakisoma mpaka mwisho, kitu ambacho mimi sikuwa nimefanya. Kisha akanirudishia.

"Kwa hiyo sasa wewe ni mwenzetu," akasema.

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Basi nchi imekwisha," akasema, akaniita ndani tule.