Tonge la Mkono wa Dada

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani wa Likoni hakosi harusi. Anayemshonea bibi harusi hualikwa, anayewashonea mashoga zake hualikwa, na hata aliyetia lesi tu kwenye dira ya mama mtu hualikwa vilevile. Kwa miaka kumi na sita nimekula biriani za watu, nikazisifu, na mara nyingi nikahamia sinia la pili kwa heshima ya mwenye shughuli. Nilijulikana kwa hilo. Wapishi walinipenda. "Fundi akiwapo," walisema, "hata ukoko haubaki." Nami nilicheka pamoja nao, kwani sikuona ubaya wa mtu kupendwa kwa kula kwake.

Siku niliyouona ubaya huo nilikuwa peke yangu kibandani. Nilitaka kujishonea gauni la Idi, nikajizungushia futi nyongani. Ncha zake mbili hazikukutana. Futi ya fundi ina inchi sitini. Nikavuta pumzi, nikajaribu tena, nikidhani imejikunja kwa nyuma. Haikuwa imejikunja. Nimewapima wanawake kwa mamia, wala sijapata kumwambia hata mmoja neno la kumuumiza, maana fundi huona mengi akanyamaza. Siku ile nilijinyamazia mwenyewe. Nikaikunja futi, nikaitia kwenye droo ya cherehani, na kesho yake nikaenda zahanati.

Sikwenda kwa ajili ya unene. Nilikwenda kwa ajili ya mama. Mamangu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda kidogo cha kidole kilimpandia hadi akakatwa mguu chini ya goti. Aliishi miaka minne baada ya hapo, na miaka yote hiyo mimi na dada yangu tulikuwa tukimgeuza kitandani asubuhi na jioni. Dada kanizidi miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyenilea, kwa kuwa mama alikuwa akikaanga samaki sokoni kutwa nzima. Kwa hivyo nilipoketi mbele ya daktari sikuwa na mzaha.

Daktari mwenyewe alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. Alinitoboa kidole, akakisoma kimashine chake, kisha akanitazama.

"Mama, sukari haijaingia ndani," aliniambia, "lakini imeshapiga hodi. Ukitaka isiingie, bado wakati unao."

Akaniandikia ya kupunguza: wali, chapati, mahamri, soda. Nusu ya sahani iwe mboga. Na nitembee kila siku, hata kama ni kutoka nyumbani hadi kibandani na kurudi.

Nyumbani haikuwa kazi kubwa. Mume wangu ni karani wa malori kule Miritini, mtu asiye na maneno mengi. Nilimweleza, akasema, "Haya," na tangu siku hiyo chapati zake akawa anazila hukohuko kazini. Sisi tulikula mchicha, samaki wa kuchoma na ugali wa kiasi cha ngumi. Shida ilikuwa shughuli za watu. Nyumbani kwako unaweza kufunga kabati. Kwenye harusi kula kwako ni salamu, na kutokula ni neno.

Mtihani wa kwanza ulikuwa akika ya mjukuu wa jirani, nami nikafeli. Tangu asubuhi nilijinyima ili nikifika pale nile kidogo nisivuke kiasi. Nilipofika nilikuwa natetemeka kwa njaa. Nilikula pilau mpaka wenzangu wa sinia wakaacha kula wakawa wananitazama, kisha zikaja kaimati, nikala tisa. Najua zilikuwa tisa kwa sababu nilizihesabu njia nzima nikirudi nyumbani, huku nalia.

Mume wangu alinisikiliza hadi nikamaliza. Halafu akaniuliza, "Mbona mwezi wa Ramadhani unaweza?"

"Ramadhani si natia nia."

"Basi tia nia."

Akageuza redio yake. Lakini maneno yale matatu yalinikaa moyoni. Ni kweli, kila mwaka nafunga siku thelathini, napika futari mchana kutwa na sioni shida, kwa kuwa nimeshaamua kabla ya alfajiri. Kumbe nilikuwa nikienda kwenye harusi nikiwa sijaamua lolote, nikitumaini nitaamua mbele ya sinia. Mbele ya sinia haamui mtu.

Tangu hapo nikawa na taratibu zangu. Kabla ya kutoka nilikula kwangu bakuli la kunde na kipande cha samaki nikashiba. Nilitia nia kwa sauti, peke yangu chumbani: leo nitakula nyama kipande kimoja, kachumbari, na wali viganja viwili, basi. Kisha nikajifunza namna ya kukaa kwenye sinia. Watu watano hula sinia moja na kila mmoja ana upande wake, na upande wako usipopungua macho manane yanaona. Kwa hivyo mimi nikawa wa kuchambua nyama. Naitenga na mfupa, namwekea huyu, namwekea yule, nakamua ndimu, nasogeza achari. Mikono yangu haitulii. Wali wa upande wangu nausukuma kidogokidogo kwa mama aliye kulia kwangu, na kila mmoja ananisifu kwa ukarimu. Mara kadhaa wanawake waligombania kukaa nami.

Hata hivyo watu si vipofu. Mwezi wa tatu ncha za futi zilikutana na kupitana inchi mbili, na nguo zangu nikazipunguza mwenyewe. Hapo maneno yakaanza. Mmoja alisema mume wangu anaoa, ndiyo najikondesha kwa wivu. Mwingine alisema nina ugonjwa. Mteja mmoja, nikiwa nimepiga magoti nampimia upindo wa gauni, aliniuliza wazi, "Fundi, niambie kweli. Unaumwa nini?"

"Sijaumwa bado," nikamwambia. "Naukimbia ugonjwa kabla haujanishika."

Aliguna tu. Lakini mimi nilinyanyuka pale chini bila kushika meza, na hilo miezi mitatu nyuma nisingeliweza. Siku nzima nilitembea kama niliyepewa zawadi.

Mwezi wa tano dada akamuoza bintiye wa mwisho. Dada anakaa Kisauni, kwa mumewe. Nguo zote za harusi ile nilizishona mimi, na nilivuka feri na masanduku yangu siku tatu kabla. Siku tatu katika nyumba ya harusi! Alfajiri mahamri na mbaazi za nazi. Saa nne viazi karai. Mchana pilau, jioni tambi na visheti, na katikati ya hayo juisi ya ukwaju yenye sukari ya kukwaruza koo. Nilikuja na kunde zangu kwenye bakuli la mfuniko, nikalificha nyuma ya masanduku. Dada aliliona siku ya kwanza.

"Umekuja na chakula nyumbani kwangu?"

"Ni dawa, dada."

Alifungua, akanusa. "Dawa gani hii inanukia kunde?"

Akafunga mfuniko akaondoka, na nikajua lile jambo halijaisha.

Siku ya harusi, wanawake walipomaliza kula, dada alisimama na sahani mkononi. Kwetu mama wa bibi harusi huwalisha kwa mkono wake wale waliomsaidia kumlea mtoto. Alianza kwa shangazi yetu mzee, akaja kwa wifi zake, kisha akanijia mimi. Alikuwa amefinyanga tonge kubwa la biriani, nyama ndani, kiazi chekundu juu, rojo likimchuruzika kwenye vidole. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande.

"Fungua kinywa," akasema, akitabasamu.

"Dada, naomba unisamehe. Nimeshiba."

"Fungua kinywa, mwanangu."

"Dada, siwezi."

Tabasamu likamtoka. "Tonge la mkono wangu unalikataa? Mkono uliokulisha uji?"

Sitadanganya: nililitaka tonge lile. Iliki na vitunguu vya kukaanga vilinijaa puani, na mate yakanijaa kinywani. Tena najua kwamba tonge moja halimtii mtu sukari. Ningelimeza, kila mtu angepiga kigelegele, na dada angenikumbatia. Lakini nilijijua. Nilijua kuwa baada ya lile lingekuja la wifi, na la mama mkwe, na kuanzia siku ile wanawake wote pale wangejua kwamba mimi nikibanwa nakubali. Na asubuhi nilikuwa nimetia nia.

Nikamshika dada kifundo cha mkono, nikaubusu mgongo wa kiganja chake.

"Mkono huu ndio uliomwosha mama kidonda," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Sitaki uje uuoshe na mguu wangu."

Alisimama hivyohivyo. Tonge likaanza kumeguka, rojo likadondokea gauni nililomshonea. Hatukujua la kufanya, si yeye wala si mimi, hadi shangazi yetu akapaza sauti kutoka mkekani: "Lete hapa! Meno sina, lakini tumbo ninalo!" Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa, na dada akaenda akamlisha shangazi. Mimi hakunitazama tena. Nilipoondoka kesho yake alinipa mkono bila kuniangalia usoni.

Wiki mbili hakupokea simu yangu. Niliumia, kwa sababu ni dada na ni mama pia. Usiku nilijiuliza kama nilikuwa na haki ya kumfanyia vile siku ya furaha yake. Lakini kila nilipolirudia lile jambo sikuona mahali ambapo ningesema lingine. Nilikuwa nalia na huku moyoni mwangu, nisamehewe, kulikuwa na fahari. Mimi, niliyekula kaimati tisa, nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi mzima na sikuanguka.

Kisha asubuhi moja nilimwona dada mlangoni pa kibanda changu. Alikuwa amevuka feri peke yake. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akavua viatu, akazikanda nyayo zake.

"Nimekuja unipime," akasema mwishowe.

Nikainuka kuchukua futi.

"Si kwa futi. Nipeleke kwa yule daktari wako."

Hapo ndipo aliponieleza. Kwa mwaka mzima alikuwa akiamka usiku mara nne, mara tano, kwenda msalani. Kiu haimuishi. Nyayo zinamchoma, na pengine hazihisi kabisa. Alijua ni nini, kwani yote hayo aliyaona kwa mama. Hakumwambia mtu, hata mumewe, akapika harusi nzima namna ile.

"Uliponitajia kidonda cha mama mbele ya watu nilitaka kukupiga," akasema. "Nilidhani umeniona ndani."

Wallahi sikuwa nimeona chochote. Nilikuwa najisemea nafsi yangu.

Kwa dada sukari haikuwa mlangoni, ilikuwa imeshaketi. Yule binti daktari aliisoma mashine mara mbili. Kisha akapiga magoti sakafuni akazikagua nyayo za dada, moja baada ya nyingine, akipitisha kidole taratibu. Chini ya kidole gumba cha kulia akakuta kidonda, kidogo kama punje ya kunde, ambacho dada hakujua kama anacho.

"Umekuja wakati mzuri, mama," akasema. "Ungengoja miezi miwili tusingekuwa tunazungumza hivi."

Kidonda kile tulikisafisha wiki sita. Nilikuwa navuka feri kila siku ya pili, na siku kilipofunga dada alinikumbatia uani kwake. Sasa anakunywa dawa zake, anatembea kila alfajiri na jirani yake, na mahamri anayapikia wajukuu tu. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa kizuri hata daktari akakizungushia duara kwa kalamu. Changu kimekuwa cha mtu mzima asiye na tatizo, na sioni haya kusema kwamba ile karatasi nimeiweka kwenye fremu kibandani, pembeni ya orodha ya bei.

Majuzi mteja wangu mmoja alimuoza mwanawe, akatualika mimi na dada chakula cha mchana katika hoteli moja ya Nyali. Chakula kilikuwa kimepangwa kwenye meza ndefu, kila mtu anajipakulia. Tuliipita yote kwanza mikono mitupu, kama watu wanaokagua nyumba ya kupanga. Kisha tukarudi kuchukua sahani. Mwisho wa meza kulikuwa na keki za kila rangi, na dada akasimama pale.

"Mwanangu, hii ya nini?" akamuuliza mhudumu.

"Chokoleti, mama. Nikukatie?"

Dada aliitazama keki ile kwa muda, na mimi nikamtazama yeye.

"Mashallah," akasema. "Imependeza. Kaa nayo."

Tukaketi na samaki wetu na mboga zetu. Mama mmoja mezani, mgeni wa upande wa bwana harusi, alitutupia jicho, akauliza kama tumefunga, au chakula hakikutupendeza.

"Tunakula, bibi, tena tunakula vizuri," dada akamjibu, amenyoosha mgongo. "Huyu mdogo wangu ndiye aliyenifunza kuchagua."

Kisha akanyoosha mkono akanisukumia ndimu.